Maji ya Bamvua Hayasubiri Bajeti

Mjadala kuhusu ubunifu wa teknolojia katika vyuo vikuu vya Tanzania umezoea kuanzia na kuishia kwenye kiasi cha fedha. Januari 2006, katika mkutano wa Khartoum, Umoja wa Afrika uliweka lengo la kila nchi mwanachama kutumia angalau asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa utafiti na maendeleo, na tangu hapo asilimia hiyo imekuwa ikitajwa katika hotuba, mipango na sera kama deni ambalo kila mmoja anakiri kuwa nalo na hakuna anayelilipa lote. Takwimu zilizokusanywa na UNESCO kwa mwaka 2013 ziliiweka Tanzania kwenye takriban nusu ya lengo hilo. Upungufu huo ni wa kweli na unaumiza. Hata hivyo, nyuma yake limejificha swali jingine linaloulizwa mara chache, nalo ni kwamba fedha inapopatikana, hata ikiwa kidogo, humlipa nani na kwa kazi ipi.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika ubunifu shirikishi, yaani ule unaomtoa mtafiti chuoni na kumkutanisha na mzalishaji, mfanyabiashara na ofisa wa serikali ili waunde kwa pamoja kitu ambacho hakuna hata mmoja wao angekiweza peke yake. Uvumbuzi, kwa maana ya kugundua jambo lisilojulikana, unaweza kufanyika ndani ya maabara moja kwa fedha ya vifaa na mishahara. Ubunifu ni jambo tofauti, kwa kuwa haukamiliki mpaka jambo lililogunduliwa litumike, na matumizi hayo hutokea mahali ambapo chuo hakina mamlaka, iwe shambani, karakana, hospitalini au baharini. Kati ya maabara na mahali hapo kuna kazi ndefu ya kwenda na kurudi, kusikiliza, kujaribu, kukosea na kupatanisha, na hoja inayotetewa hapa ni kwamba kazi hiyo ya kuunganisha ndiyo nguzo ya ubunifu shirikishi, na ndiyo hiyo hiyo ambayo karibu kila mfuko wa utafiti huiacha bila kasma, yaani bila fungu lake katika bajeti.

Wataalamu wana istilahi mbili zinazosaidia kulitazama jambo hili. Ya kwanza ni kongano, ambalo ni mkusanyiko wa wazalishaji, wafanyabiashara, watafiti na taasisi za umma walio karibu kijiografia na wanaoshughulikia zao au bidhaa moja, wakishindana sokoni huku wakishirikiana katika mambo yanayowazidi nguvu wakiwa mmoja mmoja. Dhana hiyo ilienezwa duniani na Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia mwaka 1990. Ya pili ni utatu wa ubunifu, nadharia iliyojengwa katika miaka ya 1990 na Henry Etzkowitz na Loet Leydesdorff, inayosema kwamba chuo kikuu, sekta ya uzalishaji na serikali husukumana na kuegemeana kama mafiga matatu, na kwamba kila upande hulazimika wakati mwingine kubeba sehemu ya kazi ya mwenzake. Mfano wa mafiga si wa wataalamu hao, lakini unafaa, maana jiko la mafiga hupinduka likipungua figa moja, hata kama mawili yaliyobaki ni makubwa kiasi gani.

Dhana hizi hazikubaki vitabuni. Katikati ya miaka ya 2000, iliyo sasa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikiongozwa na wahandisi kama Profesa Burton Mwamila, ambaye baadaye alikuwa makamu mkuu wa kwanza wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, ilianzisha mpango wa mifumo ya ubunifu na kongano kwa msaada wa Sida, shirika la Sweden la ushirikiano wa maendeleo. Wahandisi walitoka ofisini wakawafuata mafundi chuma wa Morogoro, wakulima wa uyoga na watu wa utalii wa urithi wa Bagamoyo, na wazo hilo baadaye likachukuliwa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 kuratibu utafiti nchini. Miongoni mwa makongano yaliyozaliwa wakati huo, lile la mwani Zanzibar, lililoanza mwaka 2006, ndilo linalofundisha zaidi, kwa sababu tatizo lake halikuweza kutatuliwa na upande mmoja kwa namna yoyote ile.

Kilimo cha mwani chenyewe ni tunda la chuo kikuu. Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitumia miaka ya 1970 na 1980 kuchunguza mwani wa pwani ya Tanzania na kuonyesha kwamba mmea uliokuwa ukiokotwa tu ufukweni ungeweza kulimwa. Chuo hicho tayari kilikuwa na Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1978. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na kwa muda mfupi kikaenea Unguja, Pemba na sehemu za bara. Njia yake ni nyepesi kueleza na nzito kufanya: vigingi huchomekwa kwenye mchanga wa maji mafupi, kamba hufungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na vipande vya mwani hufungwa kwenye kamba hizo kwa taitai, yaani vikamba vyembamba vya plastiki; baada ya wiki kama 6 mwani huvunwa, hubebwa ukiwa umeloa maji, hukaushwa na kuuzwa kwa kilo. Kinachotafutwa na wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Asia ni karagini, uteute unaopatikana ndani ya mwani mwekundu na ambao viwanda huutumia kugandisha na kulainisha vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Wakulima wa Zanzibar wanakadiriwa kuzidi 20,000, na wengi wao kabisa ni wanawake, ambao kwa zao hili walipata kwa mara ya kwanza fedha iliyoingia mikononi mwao wenyewe, wakasomesha watoto na kuezeka nyumba.

Mwani unaolimwa ni wa namna mbili. Mwani mnene, ambao wanunuzi huuita kotonii, una karagini yenye nguvu zaidi na bei yake imekuwa karibu maradufu ya mwani mwembamba, unaoitwa spinosamu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwani mnene ulianza kufa. Maji ya ufukweni, ambayo wakati wa kupwa hubaki na kina kifupi chini ya jua la mchana, yalizidi kupata joto, na matawi ya mwani yakawa yanapauka, yanalegea na kukatika kabla ya kuvunwa, mpaka vijiji vingi vikauacha na kubaki na mwani mwembamba usio na bei. Hasara hiyo iliwaangukia watu waliokuwa na uwezo mdogo kuliko wote katika mnyororo mzima wa biashara, na hakukuwa na kampuni ya nje iliyolazimika kuishughulikia, kwa kuwa mnunuzi aliyekosa mwani Zanzibar aliupata Ufilipino au Indonesia.

Jibu la kisayansi lilijulikana mapema: mwani mnene uhamishiwe kwenye maji yenye kina zaidi, ambako joto ni dogo na mkondo unaleta virutubisho. Dakta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, aliyekuwa pia mwezeshaji wa kongano, alifanya kazi hiyo pamoja na wakulima kwa miaka mingi, kuanzia majaribio ya kamba zinazoelea, yakiwamo yaliyofanyika Mlingotini huko Bagamoyo, hadi matumizi ya nyavu za bomba, yaani nyavu zilizoshonwa kama mkono mrefu wa kanzu ambamo mwani hujazwa badala ya kufungwa kipande kwa kipande, mbinu iliyochukuliwa kutoka kwa wakulima wa mwani wa Brazil. Nyavu hizo huupunguzia mwani kukatwa na mawimbi na humwondolea mkulima saa nyingi za kufunga taitai. Kama ubunifu ungekuwa suala la kupata jibu sahihi, habari ingeishia hapo.

Haikuishia hapo, kwa sababu maji ya kina yana masharti yake. Wakulima wengi hawakuwa wamejifunza kuogelea. Vyombo vya baharini, kwa desturi ya pwani, vilikuwa mikononi mwa wanaume, na mwanamke aliyezoea kwenda shambani kwa miguu wakati maji yamekupwa alijikuta akihitaji mashua, nahodha, na ridhaa ya nyumbani ya kupanda mashua hiyo. Umiliki wa shamba nao ulibadilika, maana ufukweni kila mtu anajua vigingi vyake na vya jirani yake, lakini kwenye maji ya kina kamba moja kubwa hubeba mazao ya watu kadhaa, na mazao hayo yanatakiwa kugawanywa kwa haki hata kama mmoja aliugua asifike siku ya kuvuna. Kwa hiyo mradi uliokusudia kujaribu nyavu ulilazimika kufundisha wanawake kuogelea, kutafuta vyombo, na kuandaa makubaliano ya kikundi, na ni mambo hayo, zaidi ya nyavu zenyewe, yaliyoamua kama teknolojia ingeshika au ingelala.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu hapa ndipo hesabu za kawaida za ufadhili zinapovunjika. Ombi la fedha za utafiti lina safu za vifaa, vipimo vya maabara, safari, posho na uchapishaji. Halina safu ya mafunzo ya kuogelea. Mtathmini anayelipitia akiwa Dar es Salaam, Stockholm au Brussels ataona mafunzo hayo kama jambo la ustawi wa jamii lililopotea njia, na atashauri yaondolewe ili fedha ielekezwe kwenye sayansi, ilhali bila mafunzo hayo sayansi yenyewe haitafika majini. Vivyo hivyo kwa mashua, kwa kikao cha masheha na waume, na kwa siku ambayo mtafiti huketi chini ya mkungu akiwasikiliza wakulima wakimweleza kwa nini jaribio la msimu uliopita lilishindwa. Kazi hizi hazina bei kubwa zikitazamwa moja moja, ila hazina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe katika bajeti hakitekelezwi.

Kisha kuna suala la wakati. Mkulima wa mwani hufuata maji ya bamvua, yale yanayokupwa mbali wakati wa mwezi mwandamo na wa mwezi mpevu, hivyo kazi ya shambani hufanyika katika vipindi viwili vya siku chache kila mwezi, kwa saa chache kila siku. Katikati yake ni maji mafu, ambapo mashamba hayafikiki vizuri kwa miguu. Juu ya mzunguko huo kuna wa mwaka, wa kusi na kaskazi, na wa masika, mvua ambazo huharibu uanikaji. Mwaka wa fedha wa serikali, kwa upande wake, huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na kila anayefahamu taasisi za umma anajua kwamba fedha ya maendeleo huchelewa kutoka na kwamba miezi ya mwisho huwa ya haraka ya kutumia kilichobaki. Fedha ya jaribio linalotakiwa kuanza Septemba ikitoka Aprili, mtafiti ana mambo mawili tu ya kuchagua, ama afanye jaribio katika msimu usiofaa, ama airudishe. Lolote atakalochagua, ripoti itaonyesha udhaifu wake yeye.

Utaratibu wa matumizi nao umejengwa kwa ajili ya mji. Mtumishi anayekwenda kijijini hupewa masurufu, fedha anayokabidhiwa kwa jina lake na ambayo lazima airejeshe kwa stakabadhi kabla ya kupewa nyingine, na stakabadhi inayotakiwa siku hizi ni ile inayotolewa na mashine ya kodi. Mvuvi mwenye ngalawa, aliyekodiwa asubuhi moja kupeleka watu 8 kwenye kamba za mwani, hana mashine hiyo. Mama anayepika chakula cha kikao hana. Matokeo yake ni kwamba ushirikiano na maskini huwa mgumu kihasibu kuliko ushirikiano na hoteli ya mjini, na watafiti wengi waaminifu, bila ya kupenda, huhamishia warsha kwenye hoteli, wakawaita wakulima wawili au watatu wakawakilishe wenzao.

Upande wa bidhaa unaonyesha sura nyingine ya jambo hilo hilo. Kongano lilipoanza, karibu mwani wote ulisafirishwa ukiwa mkavu na mbichi kwa maana ya kiwanda, na thamani yote iliyoongezwa iliongezwa nje. Kwa kushirikiana na watafiti, vikundi vya wanawake vilianza kusaga mwani na kutengeneza sabuni, mafuta ya kujipaka, vyakula na vinywaji. Kikundi cha Tusife Moyo cha Kidoti, kaskazini mwa Unguja, kimejulikana kwa sabuni yake ya mwani mbali na kijiji chake. Kutengeneza sabuni hufundishika kwa siku chache. Kinachochukua miaka ni kuipitisha kwenye viwango, kuipatia vifungashio, kuisajilia jina na kuipatia rafu dukani, na kila hatua ina ofisi yake. Kwa kuwa usajili wa hakimiliki za ubunifu na alama za biashara si jambo la Muungano, ulinzi uliosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, hauvuki bahari kuingia Zanzibar bila usajili mwingine huko, na kinyume chake. Kwa kikundi cha wanawake 20 tofauti hiyo si nukta ya sheria bali ni nauli, ada na siku za kazi zilizopotea. Mtu wa kukifuatilia kikundi kupitia ofisi hizo zote alipaswa kuwapo, akiwa na mshahara, kwa miaka, wala si kwa kipindi cha mradi.

Mtu huyo ndiye mwezeshaji wa kongano. Katika maandiko ya nadharia anatajwa kwa sentensi moja, na katika miradi mingi ni mhadhiri mwenye mzigo kamili wa kufundisha ambaye hufanya uwezeshaji kwa saa zake za ziada, bila cheo wala fungu, na pengine kwa simu yake mwenyewe. Akistaafu, akihama au akichoka, miaka 10 ya imani aliyoijenga vijijini huondoka naye. Hakuna nyaraka ya makabidhiano inayoweza kumhamishia mrithi wake ile hali ya mkulima kumwambia ukweli kwamba nyavu alizopewa amezitumia kuzungushia kuku.

Upo mfano unaoonyesha kwamba jambo hili linaweza kufanywa vizuri zaidi, nao kwa sehemu ni wa Zanzibar vile vile. Mwaka 1994, Afrika Kusini ilipotoka kwenye utawala wa ubaguzi wa rangi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzao wa vyuo vya Cape Town walianza kujenga mfumo wa taarifa za afya ambao ungewawezesha wahudumu wa wilaya kutumia takwimu zao wenyewe badala ya kuzipeleka tu makao makuu. Kutokana na kazi hiyo, iliyobebwa kwa miaka mingi na fedha ya shirika la maendeleo la Norway, Norad, ilikuja kuzaliwa programu ya kompyuta inayoitwa DHIS2, ambayo leo inatumika katika nchi zaidi ya 70. Ni programu huria, maana yake msimbo wake uko wazi na nchi yoyote inaweza kuuchukua na kuurekebisha bila kulipia leseni. Kenya iliisambaza nchi nzima kwa njia ya intaneti mwaka 2011, na Tanzania Bara ilifuata, kazi kubwa ya kuirekebisha ikifanywa na wataalamu waliolelewa katika idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadhi yao wakiwa wamesomea shahada zao ndani ya ushirikiano huo huo.

Watu wengi huitazama DHIS2 kama mafanikio ya programu ya kompyuta, na ni kweli kwamba ni kazi nzuri ya uhandisi. Lakini yaliyotokea Zanzibar kuanzia mwaka 2005 yanaelekeza macho kwingine. Huko, kila robo mwaka, timu za wilaya na hospitali zilikusanyika, zikawasilisha takwimu zao mbele ya wenzao, na wenzao wakazihoji: kwa nini chanjo zinazidi idadi ya watoto, kwa nini kituo fulani kina namba zile zile kila mwezi, kwa nini fomu inauliza jambo ambalo hakuna anayelitumia. Kutokana na mahojiano hayo fomu zikapunguzwa, viashiria vikachujwa, makosa yakaanza kusahihishwa kituoni kabla hayajafika wilayani, na watengenezaji wa mfumo wakapata orodha ya kila robo ya mambo yanayotakiwa kubadilishwa. Mikutano hiyo iligharimu nauli, chakula na muda wa watu, na ilifanyika tena na tena kwa miaka. Hakuna kifaa kilichonunuliwa ndani yake, na hakuna jengo linaloweza kuonyeshwa kwa mgeni rasmi, lakini bila mikutano hiyo mfumo ungekuwa kompyuta nyingine iliyofunikwa kitambaa ofisini.

Ukilinganisha na hali hiyo, sehemu kubwa ya fedha mpya inayoingia katika vyuo vya Tanzania hufuata njia mbili ambazo zote zina faida na zote zinaruka katikati. Njia ya kwanza ni majengo na vifaa. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425 uliopitishwa mwaka 2021, umeleta madarasa, maabara na mafunzo ya wahadhiri kwa kiwango ambacho hakijaonekana kwa miongo mingi, na asiyeyathamini hayo hajawahi kufundisha kemia kwenye maabara yenye bomba lisilotoa maji. Njia ya pili ni tuzo na mashindano. Tangu mwaka 2019 kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambayo yamewaibua vijana na mafundi ambao hakuna aliyewajua. Mwaka 2015 Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alikuwa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, akapata pauni 25,000 kwa chujio la maji linalorekebishwa kulingana na uchafu wa eneo husika. Ushindi huo ulikuwa wa haki kabisa. Ila tuzo, kwa umbile lake, humtambua mtu mmoja kwa kazi iliyokwisha fanyika, wakati kongano linahitaji fedha kwa kazi ya watu wengi ambayo bado haijulikani itafika wapi.

Mifumo ya kupandisha vyeo inaukaza mwelekeo huo. Mhadhiri hupanda kwa machapisho, na miaka ya karibuni Wizara ya Elimu imekuwa ikitoa zawadi ya fedha kwa watafiti wanaochapisha katika majarida ya hadhi ya juu duniani, hatua nzuri kwa nchi ambayo sauti yake katika majarida hayo ni ndogo. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo kinacholingana na hicho kwa mhadhiri aliyetumia miaka 5 kuhakikisha kwamba wakulima 300 wanalima mwani mnene kwenye maji ya kina, mabadiliko ambayo pengine yatazaa makala mawili tu, moja kati yake likiwa na waandishi wengi kiasi kwamba jina lake litaonekana la saba. Kijana mwenye akili anayeanza kazi chuoni huzisoma ishara hizi haraka, na hakuna haki ya kumlaumu akichagua maabara.

Hoja nzito zaidi dhidi ya yote haya hutolewa na wahasibu na wakaguzi, nayo inastahili jibu la heshima. Husemwa kwamba fedha isiyofungwa kwenye vifaa na matokeo yanayohesabika ni mlango wa wizi, kwamba vikao na nauli ndizo kasma ambazo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huzikuta na hoja kila mwaka, na kwamba mlipakodi hawezi kuombwa alipie mazungumzo. Ni kweli kwamba vikao vimetumiwa vibaya katika utumishi wa umma, tena sana. Lakini mikutano ya robo mwaka ya takwimu za afya inaonyesha kwamba kikao kinaweza kukaguliwa kwa kile kilichobadilika baada yake: fomu gani ilifutwa, jaribio gani liliachwa na kwa nini, nani aliahidi nini na akakitimiza lini. Ukaguzi wa namna hiyo unadai zaidi ya stakabadhi ya chakula, kwa sababu stakabadhi huthibitisha kwamba watu walikula tu. Chuo kinachoweza kuonyesha kumbukumbu za mashauriano ya miaka 6 na wakulima wale wale, pamoja na kushindwa kwake kote, kimetoa hesabu kamili kuliko chuo kinachoonyesha mashine 3 zilizopokelewa na kuwekwa stoo.

Mfuko upo wa kuanzia. Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE, ulio chini ya COSTECH, unaweza kuweka sharti kwamba kila ruzuku ya ubunifu shirikishi itenge fungu la kuunganisha, lenye jina hilo hilo na lisiloweza kuhamishiwa kwenye vifaa, na kwamba fungu hilo liendelee kwa miaka isiyopungua 6 hata pale fungu la utafiti linapoisha katika 3. Vyuo, kwa upande wao, vinaweza kuunda nafasi ya mwezeshaji wa kongano katika muundo wa utumishi, yenye ngazi za kupanda zinazopimwa kwa ushuhuda wa washirika walio nje ya chuo, na yenye msaidizi anayerithishwa kazi mapema. Kikundi cha wakulima kinaweza kuwa mshirika anayetia saini mkataba na kupokea fedha katika akaunti yake, badala ya kuwa mnufaika anayetajwa kwenye utangulizi. Wanawake waliowahi kuendesha vikoba kwa miaka 15 bila ya kupoteza shilingi hawahitaji kufundishwa uaminifu wa fedha na mtu yeyote. Na malipo madogo ya kijijini yanaweza kukubaliwa kwa hati yenye saini ya mpokeaji na uthibitisho wa sheha, pamoja na kumbukumbu ya muamala wa simu, ambayo ni ushahidi mgumu kughushi kuliko risiti nyingi za mjini.

Haja ya kufanya hivyo inakua, kwa sababu fedha ya nje iliyokuwa ikiziba mapengo haya haiaminiki tena kama zamani. Kufungwa kwa USAID, shirika la misaada la Marekani, mwaka 2025 kumeonyesha jinsi programu ya miaka mingi inavyoweza kukatika kwa wiki chache kwa uamuzi uliofanywa mbali na wahusika. Serikali ya Zanzibar, iliyoufanya uchumi wa buluu kuwa mhimili wa sera zake, imejenga kiwanda cha mwani huko Chamanangwe, Pemba, na kiwanda hicho kitahitaji mwani mwingi, hasa ule mnene, kuliko fukwe zilizopata joto zinavyoweza kutoa. Mwani huo utatoka kwenye maji ya kina, kwa mashua ambazo bado hazitoshi, zikiwa na wanawake ambao baadhi yao hawajafundishwa kuogelea.

Nyakati za maji ya bamvua za mwaka mzima ujao zinajulikana tangu leo, siku kwa siku na saa kwa saa, katika majedwali ya kujaa na kupwa yanayotumiwa na mabaharia. Ofisa mipango wa chuo na mwenzake wa hazina wanaweza kulikunjua jedwali hilo mezani kabla ya bajeti kufungwa, wakaandika pembeni mwa kila kipindi ni mashua ngapi zitatoka, nani atakuwa ndani yake, na fedha ya mafuta itakuwa imefika kijijini tarehe gani.